UZI: Somo la Biblia la vyuo viwili vya tamaduni tofauti, namna ya kuliendesha bila kuligeuza ziara

Mwl_Agano (mleta uzi)

Shalom wapendwa.

Vyuo vingi vya theolojia hapa kwetu vina chuo rafiki Ujerumani, Sweden, Marekani au Korea. Mara nyingi urafiki wenyewe ni ziara. Wageni wanafika Julai, kwaya inaimba, wanapandishwa gari kwenda kuona mradi wa maji, picha zinapigwa, wanaondoka. Darasani hakuna kilichobadilika. Wetu wanaendelea kukariri fafanuzi zilizoandikwa mbali, na wa kule wanarudi na kumbukumbu ya ngoma.

Uzi huu ni wa mwalimu anayetaka kuugeuza urafiki huo kuwa somo la muhula mzima, lenye vikao, kazi za kuandika na alama. Njia yenyewe iliendeshwa kwa upana na Hans de Wit wa Vrije Universiteit, Amsterdam, pamoja na wenzake. Vikundi vya nchi zaidi ya 20 vilisoma sura moja, Yohana 4 (Yesu na mwanamke Msamaria kisimani), na matokeo yakachapishwa 2004. Kikundi kinasoma peke yake, kinaandika kilichosemwa, kinabadilishana ripoti na kikundi cha nchi nyingine, kisha kinairudia sura ileile kikiwa na maneno ya wenzao mkononi. Kulieleza ni rahisi. Kazi iko kwenye kulitekeleza.

Kabla ya hatua, mfano mmoja wa kuwaonyesha wakuu wa vyuo wanaouliza faida. Mark Allan Powell, mwalimu wa Agano Jipya kule Marekani, aliwapa watu mfano wa mwana mpotevu (Luka 15:11-32) wausome, wafunge kitabu, wausimulie upya. Kati ya Wamarekani 100, ni 6 tu walioitaja njaa kuu ya mstari wa 14. Alipofanya hivyo St. Petersburg, Urusi, kati ya watu 50 walioitaja ni 42. Mji ule ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia 1941 hadi 1944 na watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu; habari hizo zinasimuliwa nyumbani mpaka leo. Alipouliza Tanzania kwa nini yule kijana alishinda na njaa kwenye nguruwe, wengi walijibu: kwa sababu hakuna aliyempa chakula. Fungueni mstari wa 16: "wala hapana mtu aliyempa kitu."

Kutapanya mali kumo, mstari wa 13. Njaa imo. Majirani wasiotoa wamo. Hakuna aliyezua neno, lakini kila kundi liliruka mistari ambayo kundi jingine liliona ndiyo habari yenyewe. Mwanafunzi anayehitimu bila kujua anaruka mistari gani atakuwa akiiruka mimbarani miaka thelathini.

Sasa utaratibu.

Kikundi. Watu 6 hadi 10. Wakizidi 10, wataongea watatu na wengine watasikiliza. Wasiwe wanafunzi wa theolojia watupu. Nusu wawe waumini wa kawaida: mama wa umoja wa wanawake, fundi, mkulima, kijana wa kwaya. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ameshazoea kujibu kama kitabu, na ripoti yake haitofautiani na ya mwenzake wa Leipzig kwa sababu wamesoma vitabu vilevile.

Mwezeshaji na waandishi. Mwezeshaji asiwe mhadhiri atakayesahihisha. Waandishi wawe wawili: mmoja anaandika maneno, mwingine anaandika mwenendo, yaani nani alinyamaza, wapi walicheka, wapi sauti zilipanda. Ukirekodi kwa simu, omba ruhusa ya kila mmoja, na bado waandishi wawepo.

Kikao cha kwanza, muda wa saa mbili. Sura inasomwa kwa sauti mara mbili, mara ya kwanza kwa tafsiri ya Union Version, mara ya pili kwa ile ya Habari Njema. Kisha maswali machache: Umesikia nini? Nani yumo na anataka nini? Mstari gani umekushika? Upi umekukwaza? Jambo hili linafanana na lipi hapa kwetu? Vitabu vya ufafanuzi vibaki nje. Mtu akianza na "wataalamu wanasema", mwezeshaji amrudishe kwenye mstari kwa upole.

Ripoti. Kurasa 3 hadi 5, ndani ya siku 7, kabla kumbukumbu haijapoa. Sehemu ya kwanza ni kujitambulisha: umri, kazi, dhehebu, lugha za nyumbani, mlikaa wapi, na nini kilikuwa kinaendelea mtaani wiki ile, msiba, ukame, uchaguzi. Sehemu ya pili ni yaliyosemwa, kwa maneno ya wasemaji, pamoja na mabishano. Ripoti nyingi huharibikia hapa. Mwandishi anaona aibu, anasafisha, anaandika "kikundi kilikubaliana kwamba Yesu ndiye maji ya uzima". Hayo ni mahubiri. Wenzenu wakiyasoma watasema amina na somo limeishia hapo.

Kubadilishana. Ripoti zote mbili zitumwe siku moja. Kikundi kikimwona mwenzake kwanza, kitaandika kwa kumjibu au kumpendeza, hata kisipokusudia.

Kikao cha pili. Ripoti ya wenzenu inasomwa yote kwa sauti. Maswali: wameona nini tusichokiona? Kiko mstari wa ngapi? Sisi tuliona nini wao hawakukigusa? Wapi hatukubaliani? Halafu sura inasomwa upya.

Kikao cha tatu. Barua ya majibu, kurasa 2, ikielekezwa kwa wenzenu kwa majina ya kikundi chao. Kigiriki, historia ya Wasamaria na fafanuzi za wataalamu viingie kati ya kikao cha pili na barua hii, si kabla. Mkutano wa video uwe wa mwisho kabisa. Ukianza na video, adabu na tabasamu vitafunika tofauti zote.

Kwa muhula wa wiki 15: wiki 1-2 kuunda vikundi, 3-4 kikao cha kwanza na ripoti, 5-6 tafsiri na kubadilishana, 7-8 kikao cha pili, 9-11 fafanuzi na lugha za awali, 12 barua, 13 video, 14-15 insha ya mwanafunzi. Tafsiri ndiyo inayochelewesha, ipeni wiki mbili kamili.

Karibuni.

---

Mtungi_wa_Sikari

Asante Mwalimu kwa uzi wenye nyama. Naongeza mambo mawili yanayoua somo hili hata ukifuata hatua zote.

La kwanza ni fedha. Chuo kinachopokea karo za wanafunzi, bati za bweni au gari kutoka kwa mshirika wake hakiwezi kumwambia mshirika huyo "mmeisoma vibaya sura hii". Kikundi kitaandika ripoti tamu, na upande wa pili utadhani Waafrika wana imani isiyo na maswali. Dawa yake ni ya kiutaratibu. Anayeshughulika na miradi na taarifa za fedha asiwe kwenye somo, wala asizipitie ripoti kabla hazijatumwa. Mwaliko wa somo usitumwe kwenye barua ileile ya maombi ya bajeti. Gharama za vikao vya hapa, yaani nauli za waumini, chai na vifurushi vya simu, chuo cha hapa kizibebe chenyewe, hata kama ni kwa kupunguza idadi ya vikao. Na maswali ya kikao cha pili yatungwe kwa zamu: muhula huu wao, muhula ujao sisi. Anayetunga maswali ndiye anayeongoza somo, hilo tusidanganyane.

La pili ni namna ya kuuliza. Mwenzetu wa Ulaya akiuliza "utamaduni wenu unasemaje kuhusu mwanamke huyu?", kikundi kitatoa somo la mila, na mila zenyewe za zamani za babu. Wenyeji wanageuka maonyesho, na wageni wanabaki watu wasio na utamaduni wowote. Kila swali la utamaduni liulizwe pande zote mbili kwa maneno yaleyale. "Nani kwenu hawezi kuonekana hadharani akiongea na mtu fulani?" ni swali ambalo Hamburg wanalo jibu sawa na Songea.

Sasa niingie kwenye sura yenyewe, maana Yohana 4 ni tajiri kwa kazi hii. Angalieni mistari ya 16 hadi 18, waume watano. Fafanuzi nyingi za Magharibi kwa karne nyingi zimemfanya mama huyu kahaba, na mahubiri yetu yamefuata. Lakini soma mazungumzo yote: Yesu hatamki neno dhambi kwake, hamwambii atubu, hamwambii amesamehewa. Anamwambia amesema kweli. Katika jamii zinazojua kurithiwa kwa mjane, swali la kwanza la akina mama kwenye kikundi ni: hao watano walikufa au walimwacha? Nani alikuwa na haki ya kuacha? Mara wanakumbuka Kumbukumbu la Torati 25:5-10, ndugu wa marehemu kumwoa mjane, na wale ndugu saba wa Marko 12:18-27 waliomwoa mwanamke mmoja kwa kupokezana. Huyu wa sita asiye mume wake huenda ni shemeji asiyetaka kumtambua. Sura haithibitishi hilo, lakini hata ukahaba haiuthibitishi. Mwanafunzi wa Ulaya aliyefundishwa kisomo kimoja tu anashtuka hapo, na mshtuko huo ndio mtaji wa kikao cha pili.

Upande mwingine nao unatuamsha. Vikundi vyetu hupita haraka mstari wa 27, wanafunzi kustaajabu kwamba alikuwa akisema na mwanamke, na mstari wa 39, Wasamaria kuamini kwa neno la mwanamke. Wenzetu wanaotoka makanisa yenye wachungaji wanawake kwa miongo mingi hukaa hapo muda mrefu. Wakituuliza kwa nini ripoti yetu haina mstari wa 39, tusilikwepe.

---

Katekista_Mkongwe

Bwana Yesu asifiwe. Nina hofu moja. Kila kundi likisoma kwa macho yake, si kila mtu ataifanya Biblia iseme anachotaka? Mwisho tutakuwa na Yesu wa Kichaga, Yesu wa Kijerumani na Yesu wa Kikorea. Mwanafunzi anatumwa chuoni akafundishwe, si kupiga kura.

---

Mwl_Agano

Mzee Katekista, shikamoo. Hofu yako ina msingi na ndiyo maana njia hii ina breki tatu.

Breki ya kwanza ni namba ya mstari. Kila hoja kwenye ripoti iwe na mstari wake. Mtu akisema "mwanamke alikwenda mchana kwa aibu", mwandishi aandike pembeni: mstari gani? Mstari wa 6 unatoa saa, sababu haumo. Hilo liwekwe kwenye fungu la makisio, lisifutwe. Ukurasa wa ripoti ugawanywe wima mara mbili: kushoto "tunasoma", kulia "tunakisia". Vikundi vingi hushangaa upande wa kulia ulivyojaa.

Breki ya pili ni wenzenu wenyewe. Mtu akisoma peke yake nyumbani hana wa kumuuliza "umelitoa wapi". Kikundi cha mbali hakina hofu na mchungaji wenu wala hakijui mila zenu, kitauliza tu. Kwa hiyo somo hili linabana tafsiri za kujipendelea kuliko mihadhara inavyobana.

Ya tatu ni wiki 9 hadi 11. Hapo mhadhiri anafundisha kweli: uhasama wa Wayahudi na Wasamaria, hekalu la mlima Gerizimu lililobomolewa na Yohane Hirkano karne ya pili kabla ya Kristo, sheria za unajisi wa vyombo. Baada ya hapo kikundi kinarudi kwenye ripoti yake na kuandika kipi kimesimama na kipi kimeanguka. Kipo kitakachoanguka, na mwanafunzi akiri kwa maandishi.

Kuhusu Yesu wa Kichaga: hoja hiyo ina historia ndefu. Charles Nyamiti, padri Mtanzania, aliandika 1984 juu ya Kristo kama mhenga wetu, na wapo waliompinga kwa nguvu, Waafrika wakiwemo. Swali la mstari wa 12, "Je! Wewe u mkubwa kuliko baba yetu Yakobo?", linalifikia jambo hilohilo. Msamaria yule anauliza kuhusu mhenga na kisima alichowaachia. Vikundi vya hapa hulitambua mara moja, vya Ulaya hulipita. Mwalimu asilipite.

---

Kasisi_JNN

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa upande wa Katoliki, Jumuiya Ndogo Ndogo tayari zina zoezi la kusoma Neno kwa hatua saba, lililoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Msifikiri mnaweza kulihamisha lilivyo. Hatua zile zimeundwa kwa sala: ukimya, kurudia neno lililokugusa, kushirikishana bila kujibishana. Ni njema kwa jumuiya, lakini kwa somo la kubadilishana zina upungufu mmoja: hazitoi mabishano, na anayetoa ushuhuda hahojiwi. Ripoti yake itakuwa orodha ya maneno yaliyowagusa.

Kinachofanya kazi ni kuchukua hatua tatu za mwanzo (kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno na kunyamaza) dakika 25, kisha kuingia maswali ya Mwl_Agano. Ule ukimya usiondolewe. Wanajumuiya wasiozoea vikao vya chuo hupata ujasiri hapo, maana neno la kwanza wanalolisema ni la Biblia yenyewe, halihitaji elimu.

Na kwa vyuo vya seminari kuu: frateri (mwanafunzi wa upadri) asiongoze kikundi cha jumuiya ya parokia anakofanyia kazi ya kichungaji. Watamwambia anachotaka kusikia.

---

Teolojia_Bukavu

Nawasalimu wote kutoka Kivu. Mada inasema vyuo viwili, lakini mimi naomba tuangalie darasa moja. Katika chuo kimoja cha Arusha au Nairobi utakuta Mmaasai, Msukuma, Mkikuyu, Mkongomani aliyesoma shule kwa Kifaransa, Mrundi, Msudani Kusini. Kukaa benchi moja hakufanyi somo kuwa la tamaduni nyingi. Wote wananakili sawasawa.

Linaloharibu darasa la namna hii ni nani anasema kwanza. Kwa watu wa marika kama Wamaasai, mdogo hasimami kumpinga wa rika la juu mbele za watu. Mwalimu akitupa swali wazi, mkubwa atajibu, na wengine watakubali kwa adabu. Mwalimu ataandika "darasa limekubaliana". Njia ni hizi: kadi. Kila mmoja aandike sentensi moja bila jina, zichanganywe, zisomwe na mtu mwingine. Au vikundi vya rika moja kwanza, watu 4 au 5, dakika 30, halafu msemaji wa kikundi anasema "kikundi kimeona", hapo hampingi mzee, anatoa ujumbe aliotumwa. Vijana watoe taarifa kwanza, wazee mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, vijana watafupisha yao.

Lugha. Kikao kikifanywa kwa Kiingereza, aliyesoma Nairobi atatawala na mama wa Uvira atanyamaza, ingawa ndiye mwenye la kusema. Kifanyike kwa Kiswahili, au kila mtu kwa lugha yake na mkalimani. Mkalimani anahitaji sentensi mbili au tatu, kisha nafasi. Hesabu muda mara mbili: kikao cha saa mbili kitakuwa saa nne, kwa hiyo punguza maswali badala ya kuharakisha watu. Mkalimani asiwe mshiriki, maana akishiriki ataanza kutafsiri mawazo yake.

Ripoti iandikwe kwanza kwa lugha iliyosemwa, ndipo itafsiriwe, na zote mbili zitumwe. Methali ikitokea, iachwe kama ilivyo na ielezwe pembeni kwa mstari mmoja. Tafsiri za mashine ziwe rasimu tu. Mtu mmoja wa kila upande azipitie neno kwa neno, hasa mahali penye utani au hasira.

---

Mwanafunzi_Mwaka_3

Wakuu, maswali ya haraka. (1) Alama zinatolewaje kama hakuna jibu moja? (2) Sisi tuko kijijini, mtandao unakatika na bando ni ghali. Video itawezekana?

---

Mkutubi_KE

Nijibu yote mawili.

Alama. Vyuo vyetu vingi hugawa 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani. Weka hizi 40 hivi: 10 kuusoma mstari kwa makini (je, ametofautisha kinachosomwa na kinachokisiwa), 10 kuieleza ripoti ya wenzao kwa haki, kiasi kwamba wao wenyewe wangesema "ndiyo, tulisema hivyo", 15 insha ya kusoma upya, 5 barua. Ile 10 ya pili isahihishwe na upande wa pili, maana ni wao wanaojua kama wameelezwa sawa. Usitoe alama kwa kubadili msimamo. Ukitoa, wote watadai wamebadilika. Mwanafunzi aliyebaki na msimamo wake na kueleza kwa nini ripoti ya wenzao haikumshawishi, mstari kwa mstari, apate alama zote.

Mtandao. Kikao cha video cha saa moja kinameza mamia ya MB, mara nyingine hupita GB 1. Sauti tupu hula sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hiyo kikundi kizima kikae chumba kimoja na simu moja yenye spika ya nje, kamera iwashwe dakika 5 za salamu na kuzimwa. Mkikatika, endeleeni kwa sauti za WhatsApp: kila msemaji dakika 2, mmoja baada ya mwingine, upande wa pili unajibu kesho yake. Njia hii ya polepole ina uzuri wake, maana mtu anasikiliza mara mbili kabla ya kujibu.

Asiyeandika asiachwe nje. Ripoti ya sauti ya dakika 15 ni ripoti halali. Wa upande wa pili waitafsiri kwa maandishi.

Saa. Hapa watu hupotezana sana. Tanzania na Kenya ziko mbele ya Ujerumani kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi. Wao hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadili. Kikao cha 16:00 yetu ni 14:00 yao mwezi Januari na 15:00 mwezi Mei. Kwenye barua pepe andikeni kwa tarakimu za saa 24 na mji pembeni, msiandike "saa kumi". Na ratiba za vyuo: mihadhara ya Ujerumani huanza katikati ya Oktoba hadi Februari mwanzoni, kisha Aprili hadi Julai. Mkipanga wiki ya kubadilishana iangukie Machi, hamtampata mtu darasani.

Kuhusu saa, kuna jambo la kufundishia hapo hapo: mstari wa 6, "yapata saa sita". Msomaji wetu anaona adhuhuri, jua la utosi, bila kuelezwa. Biblia ya Luther nayo inasema saa ya sita, na msomaji wa Kijerumani lazima ahesabu au atazame maelezo. Mwezeshaji wa pande zote aulize: ni saa ngapi hapo kisimani, na nani huteka maji saa hiyo kwenu? Majibu ya swali hilo moja yanajaza ukurasa.

---

Mjumbe_wa_Vijana

Nashauri pia 2 Samweli 13, habari ya Tamari, binti Daudi aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Inatumika sana kwenye semina za ukatili wa kijinsia. Tuichanganye na hii ya vyuo viwili muhula ujao.

---

Mtungi_wa_Sikari

Ndugu yangu, taratibu hapo.

Sura hiyo ilifanyiwa kazi kubwa na kituo cha Ujamaa cha Pietermaritzburg, Afrika Kusini, chini ya Gerald West na wenzake, na maswali yao yana mpangilio wa makusudi. Yanaanza na kikundi: habari hii inahusu nini? Yanaingia kwenye maandiko: kila mwanaume, Amnoni, Yonadabu, Daudi, Absalomu, mtumishi, alihusikaje? Tamari anasema nini na anafanya nini, kabla na baada? Kisha yanatoka tena: wapo wanawake kama Tamari kanisani kwetu? Msaada gani uko karibu? Tutafanya nini sasa? Ukianza na swali la "wapo kama Tamari?" watu hujifunga. Wakiwa wamekwisha kuhesabu wanaume wote waliojua na kunyamaza, wanafika hapo wenyewe.

Kwa hiyo kama somo la ndani, ndiyo, na kwa masharti. Akina mama na akina baba wakae vikundi tofauti, wenye mwezeshaji wa jinsia yao. Mshauri nasaha aliyefunzwa awepo, si mke wa mchungaji aliyeombwa asubuhi. Kabla ya kikao mjue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu na zahanati inayopokea, na namba 116 ya watoto iandikwe ubaoni. Lazima mtu atafunguka. Ukiwa huna pa kumpeleka, umemwongezea jeraha.

Kama somo la kubadilishana na ng'ambo, hapana, angalau si mwaka wa kwanza. Ripoti inabeba maneno ya watu. Hata ukiondoa majina, kwenye kikundi cha watu 8 kila mtu anajua nani alisema nini, na ripoti hiyo inakwenda kusomwa kwa sauti mbele ya wageni. Mama aliyesema kwa uchungu wake hakusema ili awe mfano wa "hali ya wanawake wa Afrika" kwenye insha ya mtu. Anzeni Yohana 4 au Luka 15. Zina uzito wa kutosha.

---

Teolojia_Bukavu

Naunga mkono. Kwa vikundi vya wakimbizi vilevile: msiwape Kutoka 1 (utumwa wa Misri) au Zaburi 137 (kilio cha uhamishoni Babeli) kwenye zoezi la kwanza kwa sababu "inawahusu". Wachague wenyewe.

---

Katekista_Mkongwe

Marahaba Mwalimu, na asanteni nyote. Breki ile ya kushoto na kulia nimeipenda, hata mafundisho ya kipaimara yanaihitaji. Swali la mwisho: zile ripoti zikimalizika zinakwenda wapi? Maana nakala huwa zinapelekwa Ulaya, na siku moja unazikuta kitabuni, kikundi chenyewe hakina hata karatasi.

---

Mwl_Agano

Swali zuri, Mzee wangu, na lijibiwe kabla ya kikao cha kwanza, kwa maandishi, ukurasa mmoja unaosainiwa na vyuo vyote viwili.

Mkataba huo useme hivi. Ripoti ni mali ya kikundi kilichoiandika. Nakala tatu za hapa: moja kwa kikundi chenyewe, iliyochapwa kwa Kiswahili na kusomwa kwao yote kabla haijatumwa, moja maktaba ya chuo, moja kwa mwalimu. Yeyote wa upande wowote akitaka kunukuu kwenye tasnifu au kitabu, aombe kwa kikundi kupitia mwalimu wake, na aeleze sentensi zipi. Mshiriki anaweza kuondoa maneno yake wakati wowote kabla ya siku ya kutuma. Majina yabadilishwe, kijiji kitajwe kwa wilaya tu. Sauti zilizorekodiwa zifutwe ripoti ikishathibitishwa, isipokuwa kikundi kikitaka zibaki.

Kusomwa kwao kabla ya kutuma kunaongeza siku 3 hadi 5 kwenye ratiba. Katika kusomewa huko ndipo mama fulani husema "sikusema hivyo, nilisema hivi", na mara nyingi alichosema kweli ni kikali na kizuri kuliko alichoandikiwa. Kirekebishwe hapo hapo, kwa maneno yake. Rasimu ya mkataba nitaiweka hapa kesho jioni, mwenye nyongeza alete.